Kupima Hali ya Mchezaji wa Michezo ya Video kwa Ishara za Mwili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mbunifu wa mchezo wa video akitaka kujua iwapo kazi yake inawagusa wachezaji, njia anayoikimbilia kwanza ni kuwauliza. Hojaji zina manufaa yake na mwongozo huu hauzitupi, lakini mtu aliyecheza kwa dakika 40 kisha akakabidhiwa karatasi hujibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huelemea mwisho wa mchezo pamoja na tukio moja lililomshtua kuliko yote. Zile dakika alizozunguka kwenye korido ileile akitafuta mlango huwa hazimo tena. Mwili, kwa upande wake, huandika mfululizo: tezi za jasho, moyo, misuli ya uso na pumzi hubadilika mchezaji anapocheza, bila yeye kulazimika kusimama na kujieleza.

Maelezo yafuatayo yanamlenga mwanafunzi wa chuo, mtafiti anayeanza, au kikundi kidogo cha wabunifu wenye bajeti finyu. Yanajikita kwenye ngozi na moyo, kwa kuwa hizo ndizo ishara zinazopimika kwa vifaa vya bei ya wastani, na yanazigusa nyingine kwa kadiri zinavyohitajika.

Kabla ya yote: ishara husema nini

Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alipendekeza kwamba hisia zipangwe juu ya mihimili miwili. Mmoja huonyesha kiasi cha msisimko, kuanzia usingizi hadi kuhamaki. Mwingine huonyesha kama hali hiyo inampendeza mtu au inamchukiza. Watafiti wengi wa michezo bado wanatumia mgawanyo huo, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kusahau kwamba kipimo cha ngozi kipo kwenye mhimili wa kwanza peke yake. Tezi za jasho za viganja na nyayo huendeshwa na neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kupambana au kukimbia. Mtu akisisimka, tezi hizo hujaa, ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kifaa husoma ongezeko hilo kwa kipimo cha maikrosimensi. Furaha ya kufunga bao na ghadhabu ya kufungwa zinaweza kuchora mstari uleule.

Mfano ulio bora wa jambo hili ulitoka Finland, ambako Niklas Ravaja na wenzake waliwapima wachezaji wa Super Monkey Ball 2 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Katika mchezo huo mchezaji huinamisha ubao ili kumviringisha nyani aliyemo ndani ya mpira, na nyani akidondoka ukingoni, mchezaji amepoteza. Mtu angetarajia uso ukunjamane wakati huo. Kilichotokea ni kwamba misuli ya tabasamu iliamka na ile ya kukunja nyusi ikalegea, yaani kuanguka kwenyewe kulipokelewa kwa hisia nzuri. Lakini mchezo ulipomwonyesha mchezaji marudio ya kuanguka kwake, akiwa mtazamaji tu asiye na la kufanya, hisia ziligeuka kuwa mbaya. Mtafiti aliyekuwa na kipimo cha ngozi tu angeandika kwamba kushindwa kunasisimua, na asingejua msisimko huo ulielekea wapi.

Kwa hiyo utaratibu mzima unaofuata umejengwa juu ya sharti moja: ishara ya mwili isomwe sikuzote pamoja na kumbukumbu ya kilichotokea ndani ya mchezo kwa sekunde ileile, na pamoja na maneno ya mchezaji mwenyewe. Yoyote kati ya hayo matatu yakikosekana, utabaki na grafu nzuri isiyo na maana.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kununua kifaa

Swali kama “wachezaji wanaufurahia mchezo wangu?” halipimiki. Lifinye mpaka liwe na tukio, mahali na ulinganisho. Kwa mfano: je, msisimko hushuka baada ya mchezaji kufa mara nne mfululizo kwenye daraja la hatua ya tatu? Au: je, toleo lenye muziki wa kujibu hatari huleta mwitikio mkubwa adui anapojitokeza kuliko toleo lisilo na muziki? Lennart Nacke na Craig Lindley, wakifanya kazi Sweden, walionyesha mwaka 2008 jinsi ulinganisho unavyoweza kutengenezwa kwa makusudi: walitumia Half-Life 2, mchezo wa kufyatua risasi, kujenga viwango vitatu tofauti (yaani sehemu za kuchezwa), kimoja kikikusudiwa kuchosha, kingine kumzamisha mchezaji katika ulimwengu wa mchezo, na cha tatu kumweka katika ule mtiririko ambao ugumu unalingana na ustadi. Kisha wakapima ngozi na misuli ya uso katika kila kimoja. Huhitaji kuwa na viwango vitatu, lakini unahitaji angalau hali mbili za kulinganisha, kwa sababu namba ya maikrosimensi iliyosimama peke yake haisemi lolote.

Amua pia kama mtu atacheza peke yake au na mwenzake. Regan Mandryk na Kori Inkpen, nchini Kanada, waliripoti mwaka 2004 kwamba watu waliocheza mchezo wa magongo ya barafuni dhidi ya rafiki aliyekaa kando yao walionyesha mwitikio mkubwa wa ngozi kuliko walipocheza dhidi ya kompyuta. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye kibanda cha gemu mtaani, ambako vijana wawili wanacheza kandanda na wengine sita wanawashangilia, hatashangazwa na matokeo hayo. Maana yake kwa mpimaji ni kwamba mwenza wa mchezaji, hata mtafiti anayechungulia begani, ni sehemu ya jaribio.

Hatua ya 2: Chagua ishara inayolingana na swali

Ngozi ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Kipimo chake kina sehemu mbili: kiwango cha jumla kinachopanda na kushuka polepole kwa dakika nyingi, na vilele vifupi vinavyofuata tukio fulani. Kilele huanza kati ya sekunde 1 na 3 baada ya tukio, hupanda kwa sekunde chache, kisha hushuka taratibu. Ucheleweshaji huo ni wa kimaumbile, na hakuna kifaa cha kuuondoa. Tumia elektrodi (vibandiko vinavyopokea ishara ya umeme kwenye ngozi) za fedha zilizopakwa kloridi ya fedha, pamoja na jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi; jeli ya kupimia moyo ina chumvi nyingi mno na hupandisha namba kwa uongo. Mahali pa kawaida ni vidole viwili vya mkono usiotumika sana, lakini anayeshika padi, yaani kidhibiti cha mchezo chenye vitufe, hutumia mikono yote miwili, na kila kitufe kinachobonywa hutikisa elektrodi. Ninapendekeza zihamishiwe mguuni, upande wa ndani wa nyayo kwenye upinde wake, penye tezi za aina ileile. Mshiriki atavua kiatu kimoja na kuagizwa asikanyagie mguu huo kwa nguvu.

Moyo hupimika kwa mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe, au kwa mwanga unaomulikwa kwenye ngozi, kama saa janja zinavyofanya. Mkanda ni bora. Mwanga wa kijani wa saa hufyonzwa na melanini, hivyo ishara inaweza kudhoofika kwenye ngozi nyeusi, na mkono unaochezacheza huivuruga zaidi. Chagua mkanda unaotoa muda kati ya pigo na pigo kwa milisekunde, wala si wastani wa mapigo kwa dakika pekee. Ukitaka kuchunguza jinsi muda huo unavyotofautiana, kumbuka kwamba mwongozo wa mwaka 1996 wa wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini ulipendekeza dakika 5 kuwa urefu wa rekodi fupi. Pambano la sekunde 40 halitoshi kwa hesabu hiyo. Vilevile usifasiri kila kushuka kwa mapigo kuwa ni kuchoka. Mtu anapoelekeza makini yake nje, akisikiliza nyayo za adui nyuma ya ukuta, moyo hupunguza kasi kwa muda mfupi, na huo ni umakini wala si uchovu.

Misuli ya uso ndiyo inayokupa mhimili wa pili. Misuli miwili hutosha: ule wa shavuni unaovuta pembe ya mdomo juu, na ule ulio juu ya ncha ya ndani ya nyusi. Vifaa vyake hugharimu zaidi, vinahitaji takribani sampuli 1,000 kwa sekunde, na ndevu nene huzuia elektrodi kushika. Mshiriki akizungumza, ishara huharibika. Kwa hiyo usimwombe aeleze mawazo yake kwa sauti huku ukipima uso wake.

Mawimbi ya ubongo yaache kwa sasa. Kofia za bei nafuu husoma zaidi kupepesa macho na kubana taya kuliko ubongo, na juu ya nywele zilizosukwa elektrodi hazigusi ngozi ya kichwa ipasavyo. Ufuatiliaji wa macho ni mzuri kwa kujua mchezaji alitazama wapi, ila upana wa mboni hubadilika pia kwa mwangaza wa skrini, na michezo mingi hubadilisha mwangaza kila mara.

Hatua ya 3: Idhini na ulinzi wa taarifa

Hata kama unapima mchezo wa kitoto tu, unakusanya taarifa za mwili wa mtu. Tafuta kibali cha kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako mapema, kwani huchukua muda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa ziada. Fomu ya idhini ieleze kwa lugha anayoielewa mshiriki ni ishara gani zinapimwa, kwamba zitahifadhiwa kwa namba badala ya jina, na kwamba anaweza kusimamisha jaribio wakati wowote bila kutoa sababu. Ieleze pia waziwazi kwamba hiki si kipimo cha hospitali. Washiriki wengi wakiona mstari wa moyo wao kwenye kompyuta huuliza kama wako salama, nawe huna mamlaka ya kujibu. Kwa walio chini ya umri wa miaka 18, mzazi au mlezi asaini, na mtoto mwenyewe pia aulizwe. Mwenye historia ya kifafa kinachochochewa na mwanga asishirikishwe kwenye mchezo wenye mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi.

Hatua ya 4: Andaa chumba na mshiriki

Joto ni adui mkubwa wa kipimo cha ngozi, na hili linatuhusu hasa sisi wa pwani. Mtu aliyetembea juani kutoka kituo cha daladala huko Dar es Salaam au stendi ya matatu Mombasa anatoka jasho la kupoza mwili, na jasho hilo litaficha lile la msisimko. Weka chumba kwenye nyuzijoto 22 hadi 24, kisha mwache mshiriki akae humo dakika 15 kabla ya kubandika chochote. Muda huo utumike kwa fomu na maelezo. Mwombe tangu siku ya kuandikishwa asinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa saa mbili kabla ya kufika. Sehemu ya elektrodi ioshwe kwa maji matupu na kukaushwa, isipakwe mafuta wala kufutwa kwa spiriti.

Umeme wa gridi hapa kwetu ni wa hezi 50, na mtetemo wake huingia kwenye rekodi za moyo na misuli. Tenga nyaya za kipimo na za umeme, na kama kompyuta ya kurekodi ni ya kupakata, iendeshe kwa betri. Utapunguza mtetemo huo, na umeme ukikatika katikati ya kipindi hutapoteza kila kitu.

Hatua ya 5: Vifaa vyote vifuate saa moja

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na uharibifu wenyewe hugunduliwa wiki kadhaa baadaye wakati wa uchambuzi. Kipimo cha ngozi kina saa yake, mkanda wa moyo una yake, mchezo una yake, na kamera ina yake. Tofauti ya sekunde mbili inatosha kuhamisha mwitikio kutoka kwenye mlipuko na kuupeleka kwenye ukimya uliotangulia.

Kama una mpanga programu, tumia Lab Streaming Layer, mfumo huria unaopokea mikondo ya vifaa mbalimbali na kuipa muhuri mmoja wa muda. Uagize pia mchezo utume alama kila tukio linapotokea: mchezaji amekufa, amefungua sanduku, adui amejitokeza, menyu imefunguliwa. Kama huna uwezo wa kugusa msimbo wa mchezo, rekodi skrini kwa video na utumie alama ya mkono: mwanzoni gusa kitufe cha alama cha kifaa huku ukimulika tochi mbele ya kamera inayoona skrini. Rudia jambo hilohilo mwishoni, kwa sababu saa za vifaa huachana kidogo kidogo, na alama ya mwanzo pekee haitakuonyesha zimeachana kiasi gani. Kwa ngozi, kosa la sehemu ya kumi ya sekunde linavumilika, kwa kuwa mwitikio wenyewe ni wa polepole. Kwa misuli ya uso ni kubwa mno.

Fanya jaribio kamili na mwenzako wa kazi kabla ya mshiriki wa kwanza, kisha ufungue mafaili na kuhakikisha kwamba alama zinaonekana. Kutazama mistari ikitembea kwenye skrini hakutoshi.

Hatua ya 6: Pata kiwango cha utulivu

Watu hutofautiana mno. Mmoja akiwa ametulia ana maikrosimensi 2, mwingine ana 12, na hakuna aliye mgonjwa. Ndiyo maana kila mtu hulinganishwa na nafsi yake. Mpe dakika 5 za kupumzika akiwa ameketi kama atakavyoketi wakati wa kucheza. Utakuta washiriki wengi hawatulii, kwa kuwa wanaujua mchezo unaokuja na wana hamu nao. Video tulivu isiyo na habari ya kusisimua, kama ya samaki kwenye tangi, huwasaidia zaidi kuliko kuwaambia wasifanye chochote. Ongeza dakika mbili za kubonya vitufe vya padi kwa mwendo wa mchezo huku skrini ikiwa tupu. Kipande hiki hurukwa mara nyingi, ilhali ndicho kinachokuonyesha ni kiasi gani cha mabadiliko yako kinatokana na vidole tu.

Mwishowe mwombe avute pumzi moja ya kina. Kwa watu wengi kilele kitajitokeza baada ya sekunde chache. Kisipojitokeza, kagua elektrodi. Na kama ziko sawa, huenda mshiriki ni kati ya wale, wanaokadiriwa kufikia asilimia 10 ya watu wenye afya njema, ambao ngozi yao haionyeshi mwitikio wa kupimika.

Hatua ya 7: Endesha kipindi cha kucheza

Kila mshiriki acheze hali zote unazolinganisha, nusu yao wakianza na hali moja na nusu wakianza na nyingine, kwa sababu mwili huzoea: kitisho kilekile huleta mwitikio mdogo kinaporudiwa. Tenga dakika chache za mapumziko kati ya hali na hali. Asiyewahi kushika padi apewe muda wa kujifunza kabla ya kurekodiwa. Vinginevyo utapima taharuki ya kutafuta kitufe.

Wewe kaa mahali usipoonekana na uandike kwa saa kila kitu kisicho cha mchezo: amekohoa, amecheka, amejinyoosha, simu imelia, mtu amegonga mlango. Kila kimojawapo kinaweza kuzaa kilele kinachofanana kabisa na kile cha adui aliyetokea gizani.

Kipindi kikimalizika tu, kabla hajaondoka kwenye kiti, mpe hojaji fupi. Picha za kujipima za Bradley na Lang za mwaka 1994, zinazoonyesha vikatuni vya viwango tofauti vya msisimko na furaha, hazihitaji maneno mengi na zinafaa hata kwa asiyependa kusoma. Kisha mrudishie video ya mchezo wake, simama kwenye matukio uliyoyapanga, na umuulize ilikuwaje hapo. Usimwonyeshe grafu yake kwanza, kwani akiiona ataanza kuifafanua grafu badala ya kukumbuka.

Hatua ya 8: Safisha, chambua, fasiri

Anza kwa kuitazama rekodi nzima kwa macho. Ngozi haipandi kwa ghafla kama ngazi. Ukiona hivyo, elektrodi imeguswa. Kata vipande hivyo na uandike umekata kiasi gani. Baada ya hapo programu huria ya NeuroKit2, inayoendeshwa kwa lugha ya Python, itakutenganishia kiwango cha jumla na vilele; Ledalab hufanya kazi hiyo kwa watumiaji wa programu ya hesabu ya MATLAB. Utenganishaji huu ni wa lazima hasa kwenye michezo ya kasi, ambako tukio la pili huja kabla kilele cha kwanza hakijashuka.

Kwa kila tukio, tafuta kilele kilichoanza kati ya sekunde 1 na 4 baada yake na chenye ukubwa usiopungua maikrosimensi 0.05, au kiwango kingine ulichokiandika kabla ya kuona matokeo. Geuza namba za kila mtu kwa kutoa wastani wake na kugawanya kwa mkengeuko sanifu wake, ili mwenye jasho jingi asiwafunike wengine. Usisahau matukio ambayo hayakuleta kitu: kama kishindo chako kikuu, kilichogharimu wiki tatu za uhuishaji, hakikuamsha ngozi ya mtu yeyote, hilo ni tokeo la thamani kubwa.

Katika kufasiri, jizuie kutaja hisia kwa jina kutokana na ishara moja. Andika “msisimko uliongezeka”, na neno “hofu” litumike pale tu ambapo mchezaji mwenyewe amesema aliogopa, au misuli ya uso na aina ya tukio vinaelekea upande huo. Mike Ambinder wa Valve, kampuni ya kutengeneza michezo ya video, alieleza mwaka 2011 majaribio ambayo msisimko wa ngozi ya mchezaji uliingizwa kwenye Left 4 Dead, mchezo wa kupambana na mazombi, ili mchezo wenyewe upange kasi ya mashambulizi. Matumizi hayo yanawezekana kwa sababu mchezo huo unahitaji kujua kiasi tu. Mbunifu anayetaka kujua sababu bado atamhitaji mchezaji aseme.

Ripoti kwa wabunifu iwe ya jedwali linaloonyesha tukio, mahali pake katika kiwango cha mchezo, ukubwa wa mwitikio ukilinganishwa na utulivu, idadi ya waliouonyesha, na sentensi moja au mbili za wachezaji kuhusu sekunde hiyo. Chini ya jedwali taja washiriki wangapi waliondolewa na kwa sababu gani, joto la chumba, mahali elektrodi zilipobandikwa, na kiwango cha chini ulichotumia kuhesabu vilele, ili mwingine akitaka kurudia kipimo hicho kwenye toleo lijalo la mchezo awe na pa kuanzia.